Mastura Aliyeimba Akangoja Kuitikiwa

Watu wa Likoni walibishana miaka mingi juu ya mbaazi za Mastura binti Boga. Kuna waliosema utamu wake ulikuwa tui la kwanza, ambalo yeye alilitia mwishoni, sufuria ikiwa imekwisha kuteremshwa jikoni. Na kuna waliosema, na hao ndio waliojua wanachokula, kwamba utamu wa mbaazi zile ulikuwa sauti. Mastura hakuweza kuchota upawa bila kuimba. Aliketi karibu na feri tangu alfajiri, sinia la mahamri ubavuni, akiimba kwa sauti nzito iliyokwaruza kidogo, na makuli wa bandarini waliokuwa wakivuka kwenda kazini walikula wamesimama, wakiacha feri moja iende bila wao. Msimamizi mmoja aliwahi kuuliza kwa nini watu wa Likoni ndio wachelewao kila siku, akaambiwa feri ni mbovu. Feri ilikuwa nzima.

Umri wake ulikuwa umepita thelathini. Aliwahi kuolewa na mtu wa Mtongwe aliyekuwa akitafuta mke mtulivu, na kwa bahati yake mbaya akampata Mastura. Ndoa ile haikumaliza msimu wa maembe. Akarudi mtaa wa Shika Adabu, hapo hapo Likoni, kwa Bi Mwanatabu, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kutambaa. Bi Mwanatabu alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye nyumba kubwa ya makuti aliyoipangisha chumba kimoja kimoja kwa watu wa bara, na wapangaji wote aliwachukulia kama wanawe: akawakagua nguo walizoanika, akawasahihisha Kiswahili chao, akawapelekea uji wakiugua. Lakini jina lake halikutokana na nyumba. Lilitokana na vugo.

Vugo, kwa asiyelijua, ni pembe ya nyati. Unaishika kwa mkono mmoja, unaigonga kwa kijiti, na wanawake wakigonga pamoja mtaa mzima hujua kuna harusi. Kundi la Bi Mwanatabu lilialikwa kuanzia Mtongwe hadi Kisauni, ng'ambo ya pili ya kisiwa. Mmoja hutoa wimbo na wengine huitikia, na mtoaji alikuwa Mastura. Wimbo uliowapa sifa ulikuwa ule wa kumwingiza bwana harusi kwa mkewe. Mastura aliutoa hivi:

Hodi hodi mlangoni, wenyewe mupo nyumbani?

Na wenzake wakaitikia:

Pita mwana pita ndani, mkeka u sebuleni.

Hapo palikuwa na kichekesho chao wenyewe. Bi Mwanatabu, pamoja na ubingwa wake wote, alikuwa mzito wa kuitikia. Wenzake wakimaliza, sauti yake bado ilikuwa njiani, ikijikokota kama mtu aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Mastura alimtania kwamba bwana harusi ataingia, ataoa, atapata watoto, na mama bado yuko "sebuleni." Bi Mwanatabu alijibu kwamba wimbo si chai, haupoi kwa kungojwa. Na ukweli ni kwamba ule mkokoto ndio uliowaliza watu.

Kundi lilikuwa na kanuni yake, ya zamani kuliko nyumba ile. Mtoaji akitoa wimbo na asiitikiwe, hurudia. Asipoitikiwa tena, hurudia mara ya tatu, kama abishavyo hodi mtu mwenye adabu. Mara ya tatu ikipita kimya, basi wenzake wamemkataa: huweka pembe yake chini, akatafuta kazi nyingine. Mastura alikuwa amesikia habari za kanuni hiyo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuiona ikifanya kazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kumnyamazia.

Katika wapangaji wa Bi Mwanatabu alikuwemo Kefa, mtu wa bara aliyefanya kazi ya kuendesha winchi bandarini, pamoja na mkewe Philister. Kefa alikuwa na redio. Aliiweka dirishani ikitazama uani, ili, kama alivyosema, kila mtu apate habari. Lakini nadhani alitaka kila mtu aione. Basi ilikuwa mwaka wa sitini na moja, Kefa akaja feri asubuhi moja, akala mbaazi zake, akamwambia Mastura kwamba redio ya Mombasa inatafuta waimbaji wapya. Kila Jumapili alasiri wataimba hewani mbele ya waamuzi, na mshindi atatoa santuri. Alikuwa amekwisha kumwandikisha jina.

Mastura alicheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. Kisha akaacha kucheka. Siku nzima ile hakuimba, na wateja wakalalamika kwamba mbaazi zimepungua chumvi.

Nitasema kilichokuwa moyoni mwake, maana yeye mwenyewe alichelewa kukisema. Mwimbaji wa harusi hana jina. Watu hukumbuka harusi ya nani, na biryani ilikuwaje, na bibi harusi alivaa nini. Sauti iliyowaliza huiacha pale pale pamoja na maganda ya njugu. Mastura alikuwa ameimba tangu kifua kinaota, kila mara wenzake wakiwa nyuma yake. Hakujua kama sauti ile ilikuwa yake au ya wote. Alitaka kuipima ikiwa imesimama peke yake, japo mara moja tu, ajue ina kimo gani.

Alimwambia Bi Mwanatabu jioni, mama yule akiwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Mbuzi ikaendelea kukwaruza muda mrefu. Bi Mwanatabu aliuliza watakwenda saa ngapi, wavae leso zipi. Mastura akalazimika kueleza kwamba redio inataka mtu mmoja mmoja. Chumba ni kidogo, na wapigaji wapo huko huko. Nazi ikaacha kukunwa.

"Na sisi je?" Bi Mwanatabu akauliza.

Mastura akasema ni mara moja tu, mama, kisha nitarudi kama kawaida.

"Nenda, mwanangu. Sikukatazi, na wala sikulaani," Bi Mwanatabu akasema, akipangusa machicha mkononi. "Lakini wewe ndiwe uliyetaka kuimba peke yako. Basi usingoje tukuitikie."

Hakupaza sauti. Angepaza, Mastura angejua la kufanya, kwani kelele za mama yule alizizoea na dawa yake alikuwa nayo. Wiki ile wanawake wa kundi walipita mbele ya sinia lake wakamwamkia kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyomchoma, kwa sababu walikuwa wamezoea kumwamkia kwa matusi ya mapenzi. Palikuwa na harusi Magogoni Alhamisi, na hakuitwa. Akaelewa kwamba akivuka maji Jumapili, huenda akarudi hana wa kumpokea wimbo tena maishani. Akalia kidogo, akiwa peke yake na sufuria. Na Jumapili akavuka.

Alivaa buibui lake jema, na pembe akaificha ndani yake, ingawa hakuna aliyemwambia aje nayo. Chumba cha redio kilimshangaza. Hakikuwa na dirisha. Kuta zilifunikwa kwa mazulia, kana kwamba walioijenga nyumba ile walikosea wakatandika pembeni badala ya chini, na sauti ilipotoka mdomoni haikurudi. Wanaume watatu waliketi na udi, fidla na ngoma ndogo. Nyuma ya kioo alisimama mtangazaji, Bwana Nguma, kijana mpole mwenye tai, aliyemweleza kwamba taa nyekundu ikiwaka aanze. Taa ikawaka.

Mastura akagonga pembe, akatoa.

Hodi hodi mlangoni, wenyewe mupo nyumbani?

Na akangoja.

Msimcheke. Hakusahau maneno na wala hakuogopa. Mwili wake tangu utotoni ulijua kwamba wimbo huo ni swali, na mwenye kuuliza hunyamaza apate jibu. Hakuwahi hata mara moja kuimba mstari ule bila kufuatwa na mwingine. Wapigaji hawakujua, mpiga udi alimtazama, mpiga fidla akautazama upinde wake. Nyuma ya kioo Bwana Nguma alianza kuzungusha mkono kama mtu anayevuta maji kisimani. Kimya kile kilikuwa kinakwenda hewani, Mombasa nzima, mpaka kwa mwenye duka la mwisho lenye redio.

Hapo ndipo Mastura alipokumbuka mahali alipo. Lakini kanuni ni kanuni, na mdomo ulikuwa umeizoea kuliko kichwa: akarudia. Hodi hodi mlangoni. Akanyamaza tena, na mazulia yakanyamaza pamoja naye. Bwana Nguma alikuwa sasa anapunga mikono yote miwili.

Kabla ya mara ya tatu alivuta pumzi, na watu wote waliomsikia siku hiyo wanaikumbuka pumzi ile. Alijua anachofanya. Angeweza kuruka kwenda ubeti wa pili, na kanuni isingemgusa. Akatoa mara ya tatu, polepole, kama mtu abishaye mlango wa nyumba aliyozaliwa. Kisha akafumba macho, akanyamaza kwa urefu ule ule wa jibu: pita mwana, pita ndani, mkeka, na mwisho kabisa ule mkokoto wa mama yake, mpaka ukaisha. Ulipoisha, akaingia ubeti wa pili. Akaendelea hivyo hadi mwisho wa wimbo, akiimba pake na kuacha pao. Wapigaji walipokwisha kuelewa, waliacha hata kupumua katika zile nafasi.

Taa ikazimika. Bwana Nguma akatoka nyuma ya kioo, akamuuliza kwa upole kama alipotewa na maneno.

"La, bwana," Mastura akajibu. "Nilikuwa nangoja."

Katika feri ya kurudi hakumtazama mtu. Alitoa mara tatu, hakuitikiwa mara tatu, na baya zaidi, akaendelea. Mtu akibisha hodi tatu asijibiwe, adabu ni kurudi zake. Akiingia, huyo tuna jina lake. Alipima mambo yale mpaka feri ikagusa Likoni, akaona hakuna njia nyingine. Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Uani wanawake wa kundi walikuwa wameketi mkekani, karibu wote, midomo imefumbwa. Redio ya Kefa ilikuwa dirishani, imezimwa. Philister alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, ameinamisha uso kama mtoto aliyevunja chungu.

Mastura akavua viatu, akaitoa pembe ndani ya buibui, akaiweka mkekani mbele ya Bi Mwanatabu.

"Ni nini hii?" Bi Mwanatabu akauliza.

"Nimetoa mara tatu, mama. Sikuitikiwa."

"Na nani alokwambia hukuitikiwa?"

Mastura akainua macho.

"Mara ya tatu tulikuitikia," Bi Mwanatabu akasema. "Wewe ndiwe usosikia."

Ndipo mambo yakatoka yote, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Walikuwa wameapa hawatakuja kusikiliza, wala hawataitikia. Lakini alasiri ile, ajabu ya Mungu, mmoja alikuja kuomba kaa la moto, mwingine kurudisha ungo, mwingine kuuliza hali ya mguu wa Bi Mwanatabu, ambao haukuwa na maumivu yoyote. Wakaketi. Mastura alipotoa mara ya kwanza, kila mtu alimtazama Bi Mwanatabu, na Bi Mwanatabu akaitazama mikono yake. Mara ya pili, vivyo hivyo. Vidole vyao vilikuwa vinawasha kwa kukosa pembe. Na kabla ya mara ya tatu ile pumzi ikasikika redioni, na mmoja wao akaanza kutoa machozi.

Aliyevunja kiapo alikuwa Philister, kwa kuwa hakuwemo katika kiapo. Alikuwa akiusikia wimbo ule kila wiki kupitia ukutani, na moyo ulimuuma kuona mtu anaita kwa upole vile na watu wazima wamekaa kama magunia. Akaitikia peke yake, kwa nguvu zote, mapema kuliko inavyotakiwa, na kwa sauti ya wimbo wa kanisani.

"Aliuharibu mwanangu, wallahi, aliuponda kama muhogo," Bi Mwanatabu akasema. "Wimbo wa mama yangu, unapondwa uani mwangu, nami n'nasikia. Ikabidi niunyooshe."

Basi aliunyoosha. Alipoingia yeye wakaingia wote, na tangu hapo wakaitikia hadi mwisho, kila nafasi aliyoiacha Mastura wakaijaza, wala haikuzidi wala haikupungua. Kefa alisimama kando ya redio yake ameduwaa. Alisema baadaye kwamba aliutafuta mshono ulioziunganisha sauti zile, iliyo ng'ambo na zilizo uani, asiuone. Bi Mwanatabu akaiokota pembe, akaipangusa vumbi kwa leso yake, akamrudishia mwenyewe. Akamwambia aende akamchotee maji, kwani amekauka koo kwa ajili yake. Mastura alicheka na kulia kwa pamoja, jambo lililomfanya apaliwe, na wanawake wakampiga mgongoni mmoja baada ya mwingine kupita kiasi cha haja, kumlipa ile wiki.

Hakushinda. Ushindi walimpa kijana mmoja wa gitaa, mwenye nywele zilizopakwa mafuta, na mimi nimejaribu kulikumbuka jina lake nimeshindwa. Mastura alikuwa wa pili. Lakini wiki iliyofuata mtu hakusikika akimzungumza kijana. Sokoni, bandarini, kwenye vikao vya kahawa, habari ilikuwa yule mama wa Likoni aliyenyamaza. Na ikagundulika jambo: si uani kwa Bi Mwanatabu peke yake walikoitikia. Kule Mjambere wanawake waliokuwa wakisuka ukili waliitikia. Changamwe, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mke wa fundi mmoja, Nduku, aliitikia kwa lugha ya kwao, kwa kuwa ya hapa ilikuwa bado inamsumbua. Kila aliyekuwapo alidhani ni yeye peke yake aliyefanya kichaa hicho.

Mialiko ikaja kama mvua ya masika. Aliitwa kuimba Kisauni, Magogoni, Mjambere. Aliitwa hata katika ukumbi wa Changamwe, kwenye dansi za watu wa bara waliokuwa wamezoea magitaa. Alikwenda na kundi lake, na Bi Mwanatabu akaketi mbele katika kila gari walilokodi, akimwelekeza dereva barabara ambazo dereva alizijua tangu kuzaliwa. Philister akapewa pembe. Ilichukua muda kumtoa kanisani, lakini alitoka, na mwishoni ndiye aliyekuwa akiwacheka wanaowahi. Mbaazi hakuziacha. Alisema sifa haina tui.

Mwaka wa sitini na mbili Bwana Kanji, mwenye duka la santuri kule kisiwani, akamwita atie wimbo wake katika santuri. Alikwenda na Bi Mwanatabu. Bwana Kanji alikuwa mtu mwema na mfanyabiashara, na alitaka zile nafasi zijazwe kwa fidla. Nani atanunua santuri inayonyamaza? Mastura akakataa, nafasi zile hazikuwa zake hata azigawe. Bwana Kanji akakuna kidevu, akasema basi, lileteni kundi zima liitikie, chumba kitatosha. Mastura akageuka kwa furaha. Alikuwa amengoja neno hilo tangu siku ya mbuzi ya nazi: sasa hatimaye wangeingia wote, na hakuna atakayeuliza "na sisi je."

Bi Mwanatabu ndiye aliyetikisa kichwa.

"Tukiitika sisi humo ndani, watu wa Changamwe watafanyaje?" akasema. "Watakaa watusikize tu? Nyumba ikishajaa wenyewe, mgeni huketi wapi? Paache wazi, mwanangu."

Mastura alimtazama mama yule, aliyenuna wiki nzima kwa kuachwa nje, sasa akijitoa kwa hiari yake, na akaona haya kidogo na kumpenda sana. Bwana Kanji alinung'unika kwa Kigujarati. Santuri ikatoka hivyo, na mapengo yake.

Mnunuzi wa kwanza wa Kisauni aliirudisha siku ya pili, akidai ni mbovu, inakatika katikati. Kabla hajatoka dukani mkewe akaingia nyuma yake akitweta, akaichukua santuri, akamwambia Bwana Kanji asamehe, mume wake ni mtu wa kusikiliza tu. Baada ya hapo hakuna aliyeirudisha. Ilipigwa katika mikahawa ya Changamwe, na makuli wenye mabega kama milango wakaweka vikombe chini kuitikia "mkeka u sebuleni." Kulikuwa na wakati, mnakumbuka, watu wa pwani na watu wa bara walitazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akimuuliza mwenzake moyoni nani mwenyeji hapa. Sisemi santuri ilimaliza ubishi huo. Nasema tu kwamba sahani ile ilipokuwa ikizunguka, kila aliyekuwapo alikuwa mwenye nyumba akimkaribisha mtu.

Uhuru ulipofika, Desemba ya sitini na tatu, Mastura aliimba mpaka akajimaliza. Aliimba Likoni, akaimba Kisauni, akaimba kwenye malori yaliyopambwa makuti mabichi, watoto wakining'inia. Siku ya sherehe ya Changamwe, mchana, kwenye uwanja wa mpira, sauti ilikwisha kabisa. Alifungua mdomo kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Alikunywa tangawizi, akatafuna karafuu, wapi. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wamepanda hadi juu ya mapaa ya nyumba za reli, na wote walikuwa wamekuja kwa ajili ya "hodi."

Kefa akasema hakuna neno. Alikuwa ameazima kipaza sauti kwa wenzake wa bandarini; akakifunga karibu na gramafoni, akaweka santuri. Mastura akashuka jukwaani, akaenda kuketi chini kwenye mkeka, katikati ya wenzake, ubavuni mwa Bi Mwanatabu. Hakuwahi kuketi hapo. Miaka yote hiyo alikuwa akisimama mbele amewapa mgongo, na hakujua uwanja unaonekanaje ukiwa umeketi na wale wanaongoja kuitikia.

Sindano ikagusa. Sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti, ikapita juu ya vichwa vya watu wote wale.

Hodi hodi mlangoni, wenyewe mupo nyumbani?

Mastura alipigwa na bumbuwazi. Miaka yote, hata baada ya santuri kutoka, hakuwahi kuketi akaisikia sauti ile ikibisha. Alikuwa ndani yake. Sasa ilikuwa imesimama peke yake, kama alivyotaka kuiona zamani, na ilikuwa nzuri, na ilikuwa na upweke uliomfanya atake kukimbia kuifungulia mlango. Uwanja ukaitikia. Kefa aliitikia, Philister aliitikia, Nduku na wanawe, watu wa Mjambere, watu wa juu ya mapaa, sauti nene na nyembamba, za pwani na za bara, pita mwana, pita ndani. Vumbi lilitikisika. Na Mastura alikuwa amekaa, mdomo wazi, machozi yakimwingia kinywani, mpaka Bi Mwanatabu akamsukuma kwa kiwiko.

Ndipo akakumbuka naye ana kazi. Akaitikia kwa kile kisauti chake kilichobaki, wakati watu wote wamekwisha kumaliza, hata Bi Mwanatabu mwenyewe. Akaikokota "sebuleni" peke yake, chakavu, hadi mwisho.

Bi Mwanatabu alimtazama kuanzia ushungi hadi vidole vya miguu. Alikuwa akiingoja siku hiyo tangu Mastura akiwa msichana.

"Umechelewa," akamwambia, akamvuta karibu, akampa ncha ya leso yake ajifute.